Mwaka wa Kupima Majani Yaliyolowa

Tulimzika Ma Leokadia wiki tatu zilizopita huko Kamuli, na nimerudi na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Tulikuwa chini ya turubai tunasubiri chakula, na kijana mmoja aliyevaa suti ya kuazima, nadhani, maana mikono ilimfunika mpaka vidole, alikuwa akiwaeleza wenzake kuhusu kile kisanduku alichokuwa akivaa marehemu kifuani. Akasema kililetwa na Wazungu. Eti kilishushwa hapa kikiwa tayari kinaona, marehemu akavalishwa, basi. "Wazungu hatari," akamalizia, na wenzake wakatikisa vichwa. Nikaweka chini sahani yangu tupu. "Mdogo wangu," nikamwambia, "kamera yake ilitoka nje, sikatai. Hata bati la nyumba yenu lilitoka nje. Lakini kuona kilijifunzia hapahapa, kwenye vibanja vya migomba vya Kamuli na Kibingo na Rugu, na aliyepima majani kikajifunza ni mimi." Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Wewe, mama?" "Mimi." Watu wakacheka wakidhani natania, kwa sababu msibani kila mtu anatafuta cha kuchekea. Sikutania. Siku hizi wasichana wa ofisini wananiamkia shikamoo na naitikia marahaba bila kununa, lakini mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha upimaji ardhi, buti za mpira, na mdomo mwingi kuliko akili. Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa zikae pembeni, hazikupima jani hata moja.

Mwajiri wangu alikuwa Dokta Zuhura, mwanamke wa Tanga, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyetumwa na chuo chake kuja kujaribu kifaa cha kumsaidia mtu asiyeona kutembea shambani. Tulipanga vyumba viwili Nkwenda, nyuma ya ghala la kahawa. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na ndoo ya kukinga maji pale bati lilipokuwa limetoboka. Mashine yangu ya upimaji, ile yenye miguu mitatu mnayoiona barabarani, ililala chini ya kitanda kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Harufu ya kahawa kavu ilipita kwenye ufa wa ukuta na kuingia mpaka kwenye shuka, na mpaka leo nikifungua gunia la kahawa nasikia kama nimechelewa kazini. Dokta alikaa chumba cha pili na kompyuta zake, betri zake na mto alioutoa kwao. Asubuhi alipika chai ya tangawizi kali ya kukutoa machozi, tukanywa na ndizi za kuchemsha za mama mwenye nyumba, naye kila siku alisema kitu kilekile: "Adventina, ndizi hizi kwetu tungetia nazi." Nami kila siku nilimjibu kwamba huku nazi ni kitu cha kusikia redioni.

Kazi yenyewe alinieleza siku ya tatu, tukiwa tumesimama kwenye kibanja cha jirani. Alivua miwani yake ya jua akanivalisha. "Tazama lile jani linalong'aa," akasema. Nikalitazama. Lilikuwa jani pana la mgomba, jua limelipiga mpaka limekuwa jeupe kama sinia. "Haya, inamisha kichwa, sikio liende begani." Nikainamisha. Maawe! Weupe wote ukaondoka, jani likabaki kijani tupu na mishipa yake naihesabu. Nikanyoosha kichwa, mng'aro ukarudi. Nikainamisha tena, ukaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka mama mwenye kibanja akauliza kama shingo inaniuma. Dokta akanieleza kwamba mwanga ukigonga kitu laini kinachong'aa, unarudi ukiwa umetikisika zaidi upande mmoja, na ukijua ni upande gani, unajua kile kitu kimelala vipi, kimeinama kwako au kimekupa mgongo. Kamera yake ilikuwa na miwani kama ile midogo mno, maelfu kwa maelfu, kila moja imegeuziwa upande wake. Pembeni ya kamera kulikuwa na kihisi cha umbali, kinachorusha mwanga usioonekana na kuhesabu unachukua muda gani kurudi. Kihisi kilijua umbali lakini kilidanganywa na kitu chochote chenye maji, kwa sababu mwanga wake uliteleza ukaenda zake usirudi. Kamera haikujua umbali lakini ilijua mlalo wa kila jani hata likilowa. Cha kuwapatanisha hao wawili kilikuwa mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, ukiionyesha picha nyingi pamoja na majibu ya kweli mpaka siku moja inatoa majibu yenyewe. Majibu ya kweli ndiyo yalikuwa kazi yangu. Kila kibanja tulichopiga picha, mimi nilipima ni mita ngapi mpaka lile shina, mpaka ile nguzo iliyoshikilia mgomba wenye mkungu mzito, mpaka ncha ya lile jani. "Ukikosea wewe," akasema Dokta, "kitakosea na chenyewe, na atakayeumia ni mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Ma Leokadia. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kilima cha pili, na macho yalikuwa yamepofuka miaka minne nyuma kwa ugonjwa. Mwanawe alifanya kazi Mwanza. Nyumbani alibaki na mkamwana wake, Joanitha, mwanamke mpole aliyemshika mkono kumpeleka kila mahali, na huo mkono ndio uliokuwa ukimuua Ma Leokadia. Siku ya kwanza alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, halafu bitoke, zile ndizi za kupika, na maharage, vimepikwa pamoja mpaka vikashikana, na alimtania Dokta kwa kula kama kuku mgonjwa. Baada ya kula akaweka mikono magotini akasema bila kuzunguka. "Nyie watu wa kisanduku, nisikilizeni. Kibanja hiki nilikipanda mimi. Kila mgomba naujua kwa jina la mama yake. Sasa naingizwa humo nimeshikwa mkono kama mgeni anayeonyeshwa choo. Sitaki kuona tena, hilo niliacha kuomba. Nataka kuingia kibanjani kwangu peke yangu, nitoke nikitaka. Mnaweza au hamuwezi?" Dokta, ambaye hakuwa mtu wa kutoa ahadi, alisema, "Tutajaribu, mama." Mimi mwenye mdomo wangu nikasema, "Tunaweza." Joanitha akanitazama kwa jicho la kusema, wewe msichana, unajua unachosema?

Sasa nifike kwenye kosa langu, nisilizungukie. Dokta aliniagiza waziwazi tangu mwanzo: "Usiwatangulizie watu taarifa. Tuingie tukute kibanja kilivyo." Nikaitikia ndiyo Dokta. Lakini mimi ni mtu wa huku. Kuingia kwenye kibanja cha mtu bila taarifa ni tabia ya mwizi au ya mtu wa kodi, na sikuwa tayari kusimama kwenye migomba ya mama wa watu na mashine yenye miguu mitatu, halafu atoke ndani anikute. Kwa hiyo kila tulipopanga kwenda mahali, jioni nilitoka nje ya chumba, nikajifanya natafuta mtandao wa simu, nikawapigia. "Shikamoo Ma, kesho tutakuja kwako kwa ile kazi ya picha. Saa nne hivi, umande ukishakauka." Ikinyesha niliahirisha, kwani mgeni gani anakuja kukuchafulia baraza kwa matope? Na vibanja tulivyovikuta, jamani, vilipendeza! Majani makavu yameondolewa yote, machipukizi ya ziada yamekatwa, nguzo zimenyooshwa, chini kumetandikwa nyasi safi. Dokta alisimama kwenye kibanja kimoja cha Kibingo akasema, "Watu wa huku ni wasafi ajabu." Nikajisikia vizuri kama vile mimi ndiye niliyefagia. Tulizunguka hivyo vibanja thelathini na saba kwa miezi mitano, na picha zikatumwa chuoni kupitia mtandao wa intaneti wa mjini Kayanga, ambao siku nyingine ulikubali na siku nyingine ulitukalisha mgahawani kutwa nzima.

Majibu yaliporudi, Dokta aliniita chumbani kwake kunionyesha. Kwenye kompyuta kila picha ilikuwa imepakwa rangi, vya karibu vyekundu, vya mbali bluu, na mtandao wa neva ulikuwa umekisia umbali karibu sawa na nilivyopima kwa mikono yangu. Tulicheka, tukanywa tangawizi. Tukamvalisha Ma Leokadia kisanduku kifuani na mkanda kiunoni. Mkanda ulitetema kushoto, kulia au katikati, na kitu kilivyozidi kusogea ndivyo ulivyotetema kwa nguvu. Wiki nzima alijifunza uani, akizunguka kati ya viti na mbuzi na Joanitha mwenyewe, na mara moja alimkwepa jogoo tukapiga vigelegele. Siku ya kujaribu kibanjani mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Dokta alifurahi, akasema vizuri, tuone. Ma Leokadia akaingia, mimi hatua kumi nyuma yake, Dokta pembeni na kompyuta chini ya mwavuli. Alitembea vizuri hatua ishirini. Mbele yake kulikuwa na nguzo imesimamishwa mshazari kushikilia mgomba ulioinama, na juu ya nguzo limening'inia jani kavu lililolowa, jeusi, linameremeta maji. Mkanda haukutetema. Nilimwona anakwenda, na kwa sababu mkanda ulikuwa kimya nilidhani anajua anachofanya, na nilipofungua mdomo alishaigonga nguzo. Alikaa chini kwenye matope. Damu ilishuka kutoka kwenye nyusi mpaka shingoni, naye akaipapasa, akanusa vidole, akasema taratibu, "Kisanduku chenu kimelala."

Joanitha alikuja mbio na kanga, na hapo ule upole wake ulikwisha. Alitufokea. Alisema sisi tumekuja kumfanyia mama wa watu majaribio kama sungura, na mumewe akipiga simu kutoka Mwanza atamwambia nini. Alimshika Ma Leokadia mkono kumrudisha ndani, na yule mama, aliyekuwa akiukwepa ule mkono kila siku, safari hii alijiachia akaongozwa. Hilo liliniuma kuliko damu. Dokta alizima kompyuta yake akanong'ona, "Basi, Adventina. Tutafunga vitu. Siwezi kumrudisha mama huyu humo ndani na kifaa ambacho sijui kwa nini kimekosea." Mimi nilitumwa jikoni kuchemsha maji ya kidonda.

Jiko la Ma Leokadia lilikuwa la miti na udongo, nyuma ya nyumba, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kibanda cha kuni. Nikiwa nimeinama kwenye moto nilimsikia Salvatori akizungumza na mwenzake, wamejikinga mvua. Salvatori alikuwa kibarua, baba yake alitoka Burundi zamani, na hapakuwa na mtu Kamuli nzima aliyejua kupunguza migomba kama yeye. "Hawa watu wa kisanduku wakiondoka mimi nimekwisha," alikuwa akisema. "Unadhani hii miezi nimekula nini? Kila wanapokwenda, jioni naitwa. Salvatori njoo, kesho tuna wageni wa picha, toa majani makavu, nyoosha nguzo. Kibingo nimefanya, Kamuli nimefanya, mpaka Rugu wamenifuata kwa pikipiki." Mwenzake akauliza, "Na hapa leo mbona hukufanya?" Salvatori akajibu, "Hapa leo hawakuniita." Maji yalichemka yakamwagikia moto na mimi nimesimama tu. Nilijua kila kitu kwa mara moja, mpaka masikio yakawaka. Kisanduku kilikuwa hakijawahi kuona kibanja. Kilichokuwa kimeona ni vibanja vilivyovalishwa nguo ya Jumapili, vikavu, vimefagiliwa, na aliyevivalisha ni mimi na simu yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nasema hivi kwa kuwa nimeona watu wengi wakinyamaza kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine sasa ni wakubwa. Dokta alikuwa tayari kuamini kifaa ni kibovu, angefunga mizigo, angeniandikia barua nzuri ya kazi, nami ningeipeleka kwingine. Lakini ndani nilimsikia Ma Leokadia akimwambia Joanitha, "Nipeleke nikalale," kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, na miguu yangu ikanipeleka barazani. Dokta alikuwa anafunga nyaya. Nikamwambia yote, simu, umande, siku za mvua nilizoahirisha, Salvatori. Nilisema nikiwa nimesimama wima kama mtoto wa shule. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alikaa kwenye benchi akasema kama anaongea peke yake, "Ndiyo maana. Ndiyo maana jamani! Siku kavu kihisi cha umbali hakikosei. Mtandao umejifunza kukiamini chenyewe tu, ile kamera ya mng'aro ukaidharau, kwa nini uihangaikie wakati jibu unalo? Leo kihisi kimedanganywa na maji, na kamera ilikuwa inajua, lakini hakuna aliyeisikiliza." Kisha akanigeukia, na yale macho yake nayakumbuka. "Nilikuagiza nini siku ya kwanza?" Nikasema. "Na ulinijibu nini?" Nikasema ndiyo Dokta. "Vibanja vingapi?" "Thelathini na saba." "Utarudi vyote. Mvua ikinyesha. Bila simu. Halafu sasa hivi utaingia ndani ukamwambie mama mwenyewe, kwa sababu aliyepigwa na nguzo si mimi."

Niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda chake. Chumba kilikuwa na dirisha dogo, picha ya Bikira Maria, na mikungu mitatu imeegemezwa ukutani ikisubiri kuiva. Nilimweleza. Mara kitanda kikaanza kutikisika, nikainua kichwa, kumbe anacheka, bandeji nyusini na anacheka. "Waitu, mwanangu! Hata mimi nilimwita Salvatori mlipokuja kupiga picha hapa. Nilimpa kazi siku mbili. Ningewaachia mkaone uchafu wangu, nisemwe mpaka Tanga?" Nikamuuliza, mbona leo hukumwita? Akaacha kucheka. Akatafuta kichwa changu kwa mkono akakigonga kidogo, kama mtu anavyogonga mlango wa jirani. "Leo nilijua anakuja Adventina. Nikasema huyo si mgeni tena, atakuta mambo yalivyo." Nililia hapo, sioni aibu kulisema. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Haya inatosha, utanilowesha blanketi. Kapime upya. Lakini safari hii nikigonga kitu, nitakugonga na wewe."

Masika ile ndiyo iliyonifanya kuwa mtu. Niliingia vibanja thelathini na saba bila hodi ya simu, mvua ikinyesha au imekatika sasa hivi, na matusi niliyopewa yangejaza daftari. Mama mmoja wa Kibingo alitoka na jembe akidhani ninawapimia watu ardhi waje kunyang'anywa. Mwingine, tuliyezoeana vizuri tu, aliona aibu hadi akataka kulia. "Umekuja kuniumbua, Adventina? Ungesema, ningetengeneza!" Akaanza kuvuta majani makavu kwa mikono, nami nikawa namkumbatia kiunoni namzuia, "Ma, nakuomba, usiguse, nayataka hayohayo!" Ilinibidi nijifunze maneno ya kuwaambia, na yaliyofanya kazi yalikuwa ya kweli: kwamba kuna mwenzenu Kamuli anataka kutembea kibanjani kwake, na kibanja chake ni kama hiki chako cha leo, si kama cha juzi. Wakisikia hivyo walitulia. Wengine walikuja kunishikia mwavuli. Shida iliyobaki ilikuwa mashine yangu, maana nayo hupima kwa mwanga, na jani likilowa lilikuwa likiidanganya vilevile. Nilihangaika siku nne. Aliyenitoa ni Salvatori, ambaye Dokta alimwajiri awe nami, maana tulikuwa tumemkatia riziki. Alikuja na kopo la uji mzito wa muhogo. Tukishapiga picha, yeye alipaka doa dogo jeupe kwenye kila jani na kila nguzo, na doa lile lilikuwa halimeremeti, mwanga uliligonga ukarudi. Tulikuwa na dakika chache tu, mvua ikiwa imekatika na upepo haujaanza, kabla majani hayajatikisika na uji haujachuruzika. Salvatori anapaka, mimi napima, naye anasema namba ya doa kwa sauti nami naandika, na hatukuwa na nafasi hata ya kupangusa uso. Viatu viliota ukungu. Vidole vilikunjamana vikawa vya bibi. Nimepima barabara kubwa tangu wakati huo, nimepima na mipaka ya watu wakubwa, lakini kazi safi kuliko ile sijafanya tena, na nikiambiwa nichague siku za kurudishiwa nitachagua zile za kopo la uji.

Picha mpya zilitumwa, mtandao wa neva ukafundishwa upya chuoni, na tukasubiri. Majibu yalipofika Dokta hakuniita kwanza. Alikaa nayo peke yake asubuhi nzima, halafu akatoka na kompyuta mikononi akaniwekea kwenye meza kati ya vikombe. Ilikuwa picha ya kibanja kimoja cha Rugu, cha ovyo kweli, majani yamening'inia, kidimbwi katikati kinaonyesha mawingu. Safari hii kila kitu kilikuwa na rangi yake, jani lililolowa lilikuwa jekundu mahali pake, na kidimbwi kilikuwa kimelala chini, si shimo la kwenda mbinguni. "Umeona?" akasema. "Sasa mtandao unaisikiliza kamera." Kisha akaongeza jambo ambalo alikuwa hajawahi kuniambia hata mara moja: "Umefanya kazi nzuri, mwanangu." Nilijifanya natazama picha.

Ma Leokadia alichagua siku mwenyewe, na alichagua siku yenye mvua tangu kukicha. Kidonda cha nyusini kilikuwa kimepona, limebaki kovu kama ukucha. Joanitha alimfunga kisanduku bila kusema neno, akaufunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena, mpaka mama mkwe akamwambia amwache apumue. Salvatori alikuwa uani na kofia mkononi, akiapa kwamba hajagusa hata jani. Hakuna aliyegusa, maana kibanja kilikuwa kimechakaa kiasi cha kumtia Joanitha aibu mbele ya Dokta. Ma Leokadia akaingia. Mimi nikafuata hatua kumi nyuma, kama utaratibu ulivyosema, na moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nausikia kwenye buti. Jani la kwanza lilining'inia usawa wa uso wake. Akasimama kabla halijamgusa, akanyoosha mkono, akalisogeza, akapita. Alifika kwenye kidimbwi akasita, akakizunguka kwa kushoto. Mbele kulikuwa na nguzo mbili zimepishana, zimelowa, nyeusi kuliko ile iliyomgonga, na nilijiumiza mdomo kwa kuuziba ili nisipige kelele. Alisimama. Aliinama. Alipita chini ya nguzo akiwa ameshika kichwa chake, akatokea upande wa pili, na hapo akaanza kuongea, si na mimi, na migomba. Aliishika mmoja mmoja. Alimtukana aliyeukata huu vibaya, akausifia ule kwa kuzaa, akauuliza mwingine mbona umekonda namna hiyo. Miaka minne ya maneno ilimtoka. Nami nikasogea, nikasahau utaratibu, nikawa hatua tano nyuma yake, halafu tatu.

Akageuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Ma. Adventina."

"Unafuata nini?"

"Nakuangalia usije ukaanguka."

Mvua ilikuwa inashuka usoni kwake na hakuifuta. Alisimama ameshika mgomba kwa mkono mmoja, mrefu, amenyooka, katika kibanja alichokipanda.

"Rudi nyumbani, mwanangu," akasema. "Sikuhitaji."

Kisha akanipa mgongo akaenda zake, na migomba ikamfunika nisimwone tena. Nilirudi nilikotoka peke yangu, nikijikwaa kila mahali kwa sababu machozi yalinizuia kuona. Barazani wote walisimama, Joanitha ameshika mdomo, Dokta ameacha kompyuta inyeshewe. "Yuko wapi?" Dokta akapiga kelele. "Kwa nini umemwacha?"

"Amenifukuza," nikasema, na nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope.